Haki ya Aliyekwenda Kusikiliza

Kila mkutano wa siasa unapozuiwa katika nchi yetu, mabishano yanayofuata huwa baina ya pande mbili tu, chama kilichotaka kusema na dola iliyokataa kisiseme. Na watu hugawanyika kwa mujibu wa upande waupendao, huku mtu wa tatu, ambaye kwa idadi ndiye aliye mwingi kuliko wote, akisahauliwa kana kwamba hakuwako. Mtu huyo ni yule aliyekwenda kusikiliza. Hakuwa na cheo katika chama, hakuwa na hotuba mfukoni, wala hakutaraji jina lake litajwe. Alitaka kusimama miongoni mwa wenzake, apime kwa akili yake kauli za wale wanaomwomba imani, kisha arejee nyumbani na rai yake mwenyewe. Aghalabu ni kijana. Nataka kumsemea huyo, na ushahidi wangu nitautwaa Mbeya na Iringa, kwa sababu sioni sehemu nyingine ya Tanzania Bara ambako haki yake imepiganiwa kwa ari na kuvunjwa kwa nguvu kama ilivyokuwa katika Nyanda za Juu Kusini.

Tarehe 12 Agosti, ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga mwaka 1999 kuwa Siku ya Kimataifa ya Vijana, iliangukia Jumatatu katika mwaka 2024, na Baraza la Vijana la CHADEMA, lijulikanalo kwa jina la BAVICHA, lilikuwa limewaalika vijana wa mikoa mbalimbali wakutane Mbeya katika viwanja vya Ruanda Nzovwe. Kabla siku hiyo haijawadia, Jeshi la Polisi lilitangaza kwamba mkutano ule umepigwa marufuku, kwa hoja kuwa zimeonekana dalili za watu kujiandaa kufanya fujo badala ya kusherehekea. Magari yaliyobeba vijana yakazuiwa njiani, na watu zaidi ya 500 wakakamatwa, miongoni mwao Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama wakati huo, Tundu Lissu makamu wake, John Mnyika katibu mkuu, na Joseph Mbilinyi, mbunge wa zamani wa Mbeya Mjini ambaye nchi nzima humwita Sugu. Majina hayo manne yalitajwa na redio za ulimwengu mzima. Wale wengine wote, waliopanda basi alfajiri wakiwa na chakula cha njiani na sweta la kukabili baridi ya Mbeya, walihesabiwa kwa jumla na kusahauliwa kwa jumla. Na ukiuliza kosa lao lilikuwa lipi, jibu utakalolipata, hata ulichuje vipi, ni kwamba walikuwa safarini kwenda mahali palipotarajiwa kusemwa maneno.

Lililonitia huzuni zaidi ni kwamba mambo hayo yalitukia baada ya mlango kufunguliwa. Mikutano ya hadhara ilikuwa imefungwa tangu mwaka 2016, na tarehe 3 Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliifungua tena mbele ya viongozi wa vyama, naye akazungumza juu ya maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya. Na wengi wetu, mimi nikiwa mmoja wao, tuliamini na tukafurahi kwa dhati.

Sheria ya nchi, kwa wanaotaka kuijua, haikuacha jambo hili gizani. Sheria ya Vyama vya Siasa, Na. 5 ya mwaka 1992, hailazimishi chama kuomba ruhusa; inakitaka kipeleke taarifa kwa afisa wa polisi wa mahali husika saa 48 kabla ya mkutano, na kisha inakipa chama hicho haki ya kupata ulinzi na msaada wa vyombo vya usalama ili mkutano wake uwe wa amani na taratibu. Ni kweli kwamba sheria ya polisi inampa afisa uwezo wa kuzuia mkutano akiridhika kuwa utaleta uvunjaji wa amani, na mimi sisemi uwezo huo uondolewe kabisa. Nasema kuridhika kwa afisa lazima kuwe na msingi unaoweza kuonyeshwa na kuhojiwa, la sivyo taarifa inageuka kuwa maombi, na haki inageuka kuwa hisani.

Utaratibu huo wa taarifa haukupatikana bure. Chini ya sheria tuliyoirithi kwa wakoloni, mtu alipaswa kuomba kibali, na mwenye mamlaka alikuwa na hiari ya kutoa au kunyima. Aliyekwenda mahakamani kuupinga mtindo huo alikuwa Mchungaji Christopher Mtikila, mwana wa Ludewa, wilaya ambayo zama hizo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012; na Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, akiketi Dodoma mwaka 1994, aliamua kwamba kumlazimisha raia aombe kibali cha kukutana na wenzake kwa amani ni kinyume cha Katiba. Mtikila alikuwa mtu wa maneno makali, na mengi aliyoyanena juu ya watu wa asili nyingine sikubaliani nayo hata chembe. Lakini haki aliyoipigania wanaitumia hata wale waliomchukia, na hiyo ndiyo hadhi ya haki iliyo ya kweli.

Tena Katiba yenyewe, katika Ibara ya 18, haikumlinda mnenaji peke yake, kwani inapotaja habari inatanguliza haki ya kuzitafuta na kuzipokea, ndipo ikataja haki ya kuzitoa. Na Ibara ya 20 imempa kila mtu uhuru wa kukutana na kuchanganyika na wengine kwa hiari na kwa amani. Basi mkutano ukizuiwa pasi na hujja, chama hupoteza jukwaa la siku moja, ambalo kitalipata pengine kesho kwingine, na viongozi wake hupata hata sifa ya kudhulumiwa. Bali kijana wa Uyole au wa Kihesa hupoteza kitu asicholipwa na yeyote, nacho ni fursa ya kuamua kwa masikio yake kama watu hawa wana la maana la kumwambia. Huenda angetoka pale akisema hawafai. Waliomzuia wamemnyima hata hiyo nafasi ya kuwakataa.

Wazee wetu waliyaona haya zamani. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Edward Twining alifika Kalenga, karibu na Iringa, kumkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu la babu yake, Mkwawa, lililokuwa limekaa Ujerumani miaka mingi, na halaiki ya Wahehe ikakusanyika, gavana akahutubu, na mkusanyiko huo ukahesabiwa kuwa fahari ya serikali. Hazikupita wiki tatu, TANU ikazaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai. Na ilipofika mwaka 1957, serikali ya Twining huyo huyo ilimpiga marufuku Julius Nyerere kuhutubia mikutano ya hadhara. Watu waliokusanyika walikuwa wale wale, wakulima na vijana wao, wakisimama juani kwa utulivu ule ule. Kilichobadilika ni maneno waliyokwenda kuyasikiliza. Serikali ya kigeni ilijiona ina haki ya kuwachagulia raia hotuba, na tuliiondoa kwa sababu hiyo miongoni mwa nyingine. Adam Sapi Mkwawa akawa mwaka 1962 Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge letu, na Nyanda za Juu Kusini zikatoa baadaye Maspika wengine, Anne Makinda wa Njombe, aliyeingia bungeni mwaka 1975 akiwa msichana wa miaka 26, na Tulia Ackson wa Mbeya, aliyekalia kiti hicho kuanzia mwaka 2022 hadi 2025. Nchi iliyotoa Maspika watatu haiwezi kuambiwa kwamba watu wake hawajui adabu ya kusema na kusikiliza.

Na sasa sina budi kufika Nyololo. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji hicho cha wilaya ya Mufindi, CHADEMA walikuwa wakifungua tawi lao, na polisi wakasema shughuli za siasa zimesitishwa kwa sababu ya Sensa ya Watu na Makazi iliyokuwa ikiendelea mwaka ule. Mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari ya Iringa, alikuwapo kwa ajili ya kazi yake, na kazi ya mwandishi katika mkutano ni kusikiliza kwa niaba ya maelfu wasioweza kufika. Askari walimzingira, bomu la machozi likafyatuliwa karibu mno na mwili wake, akafa pale pale; na picha zilizopigwa saa ile zilifanya isiwezekane kuyageuza yaliyotukia kuwa habari nyingine. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kosa la kuua bila kukusudia. Sensa ni kazi ya kuwahesabu watu, ili dola ijue ina wangapi na wana mahitaji gani. Na katika siku hizo hizo za kuhesabiwa, kwa jina la kuhesabiwa huko, dola ikampunguza mmoja. Kila ninapousoma mwongozo wowote unaosema mkutano umezuiwa kwa maslahi ya shughuli fulani ya kitaifa, jina la Nyololo hunijia, na nadhani lingepaswa kuwajia maafisa wanaoandika miongozo hiyo.

Lakini hoja ya amani si ya kudharauliwa, na mtu mwenye insafu hawezi kuipita kwa haraka. Jirani zetu wa Kenya, tarehe 25 Juni 2024, waliona vijana waliopinga Muswada wa Fedha wakiingia hata ndani ya Bunge, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi muswada ule. Mkuu wa usalama wa nchi jirani, aliyeyatazama hayo majuma machache kabla ya Agosti, alikuwa na wajibu wa kujiuliza maswali. Ila jibu alilolipata lilikuwa la kinyume. Vijana wa Nairobi hawakuwa na chama kilichowaita, hawakuwa na mwenyekiti wa kuwajibishwa, wala hawakupeleka taarifa kwa ofisa yeyote. Waliitana kwa simu, na kila mmoja alikuwa kiongozi wa nafsi yake. Mkutano wa Ruanda Nzovwe ulikuwa na wenyeji wanaojulikana kwa sura na anwani, uwanja wenye mipaka, saa ya kuanza na saa ya kufunga. Kuzuia mkutano wa namna hii kwa kuogopa maandamano ya namna ile ni kubomoa daraja kwa sababu mto umefurika.

Mbeya yenyewe ilikuwa na somo lake tayari. Mwezi Novemba 2011, vijana wachuuzi wa Mwanjelwa walipogongana na mamlaka juu ya mahali pa kufanyia biashara, mji ukawaka kwa siku mbili, mabomu ya machozi yasifue dafu. Na waliotulia, walitulia mbunge wao Sugu alipokwenda kusema nao kwa lugha waliyoizoea. Yeye ndiye aliyehukumiwa mwezi Februari 2018 kifungo cha miezi mitano, pamoja na Emmanuel Masonga, kwa maneno yaliyohesabiwa kuwa ya kumfedhehesha Rais wa wakati huo, aliyoyanena katika mkutano wa tarehe 30 Desemba 2017. Wakatoka mwezi Mei kwa msamaha. Sitaki kulipima hapa kila neno alilolisema. Nauliza tu, ghasia nyingine ikizuka Mwanjelwa, dola itamtuma nani, ikiwa kila mnenaji anayesikilizwa na vijana ameshafundishwa kwamba kusema ni hatari?

Swali hilo lilijibiwa kwa uchungu. Mwaka 2025 Lissu alikamatwa Mbinga mwezi Aprili baada ya kuhutubia mkutano, akashtakiwa kwa uhaini, na chama chake hakikushiriki uchaguzi. Tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, vijana walitoka mitaani katika miji mingi, Mbeya ikiwa mojawapo; mali zikachomwa, intaneti ikazimwa, na watu wakapoteza maisha, nao kila mmoja alikuwa na mama. Uharibifu ule siutetei, na aliyechoma duka la mwenziwe hakusema neno lolote la siasa. Ila nawaomba wanaotutawala waone kwamba wale walikuwa umati usio na jukwaa, usio na mwenyekiti wa kuuambia kaeni chini, kwa kuwa majukwaa na wenyeviti walikuwa wameondolewa mapema. Rais, alipolihutubia Bunge tarehe 14 Novemba, alitangaza tume ya kuchunguza, na akaelekeza wale walioonekana kufuata mkumbo wafutiwe makosa. Nilifarijika kusikia dola ikitambua kwamba katika kila umati wako wengi ambao hawakuwa wachochezi. Nachelea jambo moja tu: msamaha humstahili aliyekosa, na kijana aliyekwenda kwa amani kusikiliza hotuba hana alilokosa, hivyo anastahili kuachwa apite, kabla ya kukamatwa na si baada yake.

Nikiisema dola kiasi hicho, siwezi kuvinyamazia vyama. Tembelea mikutano yetu mikubwa, ya chama tawala na ya upinzani vile vile, iwe Mwembetogwa mjini Iringa au Ruanda Nzovwe, utaona namna kijana anavyotumiwa. Analetwa kwa Fuso, anavalishwa fulana na kofia, anachezeshwa muziki saa nne kabla mgeni rasmi hajafika, anaitikia salamu za chama kwa mkono juu, anapigwa picha ili umati upendeze. Kisha viongozi wanasema kwa zamu, mkutano unafungwa kabla jua halijazama, na hakuna hata mmoja aliyemkabidhi kipaza sauti. Iringa ina Chuo Kikuu cha Iringa, chuo kishiriki cha Mkwawa na Chuo Kikuu cha Ruaha. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia na kile cha Teofilo Kisanji. Vijana wanaosoma humo, na wenzao waendesha bodaboda wa Kabwe na wakulima wa viazi wa Uporoto, wana maswali yenye uzito kuliko nyimbo wanazoimbishwa. Wanataka kujua kwa nini mbolea ya ruzuku humfikia mkulima baada ya mvua za kwanza. Wanataka kujua ile sehemu ya mapato ya halmashauri ambayo sheria imewatengea vijana, asilimia 4 katika zile 10 za mikopo, imekopeshwa kwa akina nani wa kata yao. Wanataka kujua kwa nini Sheria ya Baraza la Vijana la Taifa ilipitishwa mwaka 2015 na miaka ikapita mingi bila baraza lenyewe kuonekana.

Chama kitakachotenga nusu saa ya maswali katika kila mkutano, bila ya kuchuja waulizaji, kitawatendea vijana jambo kubwa kuliko fulana elfu. Viongozi watatoka jasho, na hilo ni zuri kwao.

Vijana nao wana deni. Kuzomea si kusema. Kijana anayekwenda kwenye mkutano wa chama asichokipenda ili apige miluzi hadi mnenaji asisikike, anamnyima jirani yake haki ile ile ambayo polisi waliwanyima wale wa Agosti 2024, na udogo wa nguvu zake haumwondolei lawama. Aula ni kwenda na swali lililotafutiwa ushahidi, kulitamka kwa fasaha mbele ya kadamnasi, na kusubiri jibu hadi mwisho hata likiwa baya. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda Ikulu, wakiwa wamevaa majoho yao, kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwasikiliza, akaghadhibika, akawafukuza chuoni karibu 400. Lakini walipomwambia kwamba wakubwa wanakula mishahara minono, alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na ya wakubwa wengine ikapunguzwa pia, na miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha lenye miiko ya viongozi. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa masomoni mwaka uliofuata. Adhabu ilikuwa kali kupita kiasi, nami siisifu. Ninachokiona ni kwamba hoja ya vijana, hata ilipotamkwa na waliokuwa na maslahi yao ndani yake, ilipenya hadi kwenye mfuko wa Rais, kwa kuwa walifikishwa mbele yake na masikio yake yalikuwa wazi siku ile.

Linalohitajika sasa si kubwa. Afisa anayezuia mkutano aandike sababu zake kwa mapana ya kutosha jaji kuzipima, na mahakama isikilize malalamiko siku hiyo hiyo au ya pili yake, maana haki ya mkutano wa Jumatatu haiponi kwa hukumu ya mwakani. Mkutano ukizuiwa mahali, waliokuwa safarini waelezwe na waachwe warudi makwao, wasipelekwe vituoni kama wezi. Na hata kabla Bunge halijaigusa sheria yoyote, makamanda wa polisi wa Mbeya na Iringa wanaweza kuanza na lile lisilohitaji fedha ya bajeti: chama chochote, cha kijani au cha rangi nyingine, kitakapoleta taarifa yake ya saa 48, wakae na waandaaji, wakubaliane uwanja, saa na njia za kupita, kisha askari wapangwe kwa amri iliyoandikwa ya kuwalinda waliokuja kusikiliza.